Mkono Unaofika Amina

Siku mliyoniaga pale garaji mlinipa saa ya ukutani, limonadi ya moto na hotuba ya patron, mwenye garaji, ambaye miaka yote hii bado ananiita kwa jina la marehemu kaka yangu. Asanteni sana. Saa inatembea vizuri, ingawa mtu aliyestaafu hana haja ya kujua ni saa ngapi. Halafu mkaniuliza maswali mawili mbele ya watu. La kwanza: Tata Kabeya, mzee wetu, utuachie siri, mtu anachaguaje mpira wa gari katika joto hili letu, mpira wa bei nafuu usiomuua njiani? La pili: kwa nini unaondoka miaka miwili kabla ya wakati, na bado una nguvu za kubeba gurudumu la kamyo peke yako? La kwanza nililijibu kwa mzaha. La pili nikakohoa. Ngalula, mwanafunzi wangu, peke yake hakuuliza kitu. Alikuwa anatazama viganja vyake.

Basi nimekaa hapa uani kwangu Dilala, Kolwezi, na daftari nililomnyang'anya mjukuu, niwajibu yote mawili. Jibu ni moja, ila njia yake ni ndefu. Msiopenda hadithi za wazee, nendeni mkakaze nati.

Niliingia kazini mwaka ule nchi ilipopewa jina la Zaire. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na maisha yake yote aliniombea jambo moja tu: kazi ambayo mtu anaifanya huku analiona jua. Maombi yake yalijibiwa kupita kiasi. Garaji yetu ilikuwa uwanja mtupu wenye paa la bati upande mmoja, na ndani yake kamyo nne za mizigo na bisi moja ya abiria, mali ya mfanyabiashara aliyesafirisha watu na mizigo kati ya Kolwezi na Likasi. Nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Mtu mfupi mwenye mabega mapana akavitazama viatu vile, akacheka mpaka akafuta machozi.

— Weye njo ule mupya? Kuya hapa. Salimia mupira.

Huyo alikuwa Tata Chinyama, Mlunda wa upande wa Dilolo, mkubwa wa mipira yote ya garaji. Nikanyoosha mkono nikaugusa mpira, naona haya.

— Aka! Hapana na mukono. Na pua kwanza. Mukono njo ya mwisho.

Nikapiga magoti nikanusa mpira, na viatu vya kanisani vikazama katika mafuta machafu. Mama hakunisamehe viatu vile mpaka nilipooa.

Mambo ya pua ni haya. Mpira mzima unanuka mpira, harufu kali inayokaa kooni. Mpira uliochoka haunuki kitu, au unanuka vumbi tu. Baada ya pua ni ukucha: bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye mpira, na alama ikibaki kidogo halafu ikarudi polepole, huo bado una maisha. Ukucha ukiteleza kana kwamba uko juu ya sahani, mwachie mwenyewe mpira wake. Baada ya ukucha ni goti: usukume ubavu wa mpira kwa goti mpaka ukunjike, na utazame mkunjo kwa makini, kwa sababu nyufa za jua zinajificha pale. Tata Chinyama alisema tutazame mbavu, tusitazame uso, kwa kuwa muuzaji anapaka rangi uso tu.

Watu wengi wanachagua mpira kwa urefu wa meno. Wanatia kidole katikati ya meno, wanaona kimezama, wanafurahi. Kwa kamyo inayopita mawe na matope, sawa, fanyeni hivyo. Lakini kwa gari linalokimbia mbali juani, meno marefu mno yanatikisika na kujipika yenyewe. Chukueni ya kiasi. Na ule mpira wa zamani uliovishwa ngozi mpya, tunaouita rechapé, si dhambi kuununua. Ni wa bei nafuu na umelisha familia nyingi za Kolwezi, yangu ikiwemo. Muuweke nyuma tu. Mbele ndiko usukani uliko, na huko hatuweki mpira ambao hatujui ujana wake.

Oktoba, kabla mvua haijaanguka, joto la huku linafanya hata kuku watembee midomo wazi. Mashofere wetu walikuwa na desturi yao. Wakifika Fungurume katikati ya mchana wanasimama, wanagusa mipira, wanakuta imevimba na ina moto, basi wanafungua valvu na kupunguza upepo. Walisema wanauachia mpira upumue. Shofere wetu mkubwa, Ilunga, mtu mrefu wa kaskazini ya jimbo letu la Shaba, alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa, amevua na kofia. Tata Chinyama akamwita siku moja mbele yetu, akampa kipande cha waya.

— Kunja. Kunjua. Kunja tena. Usiache.

Ilunga akakunja na kukunjua, akakunja na kukunjua, mara akautupa chini.

— Yo! Iko moto!

— Nani aliweka moto? Jua?

— Hapana, Tata. Ni kule kukunja.

— Njo vile mupira yako. Ukitosha upepo, ikibakia kidogo, inakunjama kila mara inazunguka. Weye unazani unaipoza, kumbe unaipika.

Hilo andikeni ukutani. Upepo unapimwa asubuhi, mpira ukiwa baridi, gari halijatembea hata hatua moja. Mchana valvu haiguswi. Nimelisema mara nyingi hivi kwamba mke wangu, Mama Kapinga, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, anaweza kuwafundisha.

Sasa nije kwenye mkono. Gari likirudi safari, kabla mipira haijapoa, Tata Chinyama alikuwa anapita kutoka gurudumu hadi gurudumu. Anaweka kiganja chake chote kwenye ubavu wa mpira, anafumba macho, anasali Baba Yetu, bila haraka. Mkono ukifika Amina bila kuungua, mpira ni mzima. Ukiung'oa kwenye mkate wetu wa kila siku, mpira una homa: upepo umepungua, au mzigo umezidi, au kuna kitu kinaoza ndani. Na ukishindwa kufika hata ufalme wako, usiulize mtu, ng'oa mpira saa ile ile. Tulikuwa na manometa ya kupimia upepo, ndiyo, lakini yeye alikuwa akisema manometa inajua upepo, haijui mupira. Tena ile yetu, ilipofika mwaka wa tatu, ilikuwa inasoma inavyojisikia siku hiyo.

Ugomvi wetu wa kwanza ulianzia hapo. Yeye alikuwa Mkatoliki, mimi Mmethodisti, na Baba Yetu ya kwetu ina mkia: kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu. Kwa hiyo mpira mzima kwa Wakatoliki ulikuwa unaweza kuwa mgonjwa kwa Waprotestanti. Tulibishana wiki nzima, mpaka Jumamosi ya salongo, tukiwa tunafagia barabara kwa ajili ya taifa. Alikata shauri akiwa ameegemea ufagio.

— Mu hii garaji, mupira yote ni ya Katoliki. Iishe.

Ikaisha. Ila kwenye mipira ya bisi, inayobeba roho za watu, nilikuwa ninaumalizia mkia wangu kimoyomoyo. Hakujua, au alijua akanyamaza.

Kisha vita vya Angola vikaikata reli inayotoka baharini, na mpira mpya ukawa kitu cha kusimuliwa. Patron akatutuma Dilolo, mimi na Tata Chinyama, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na behewa zima la mipira iliyokwama pale mpakani. Mungu wangu, ile mipira ilikuwa mizuri! Myeusi, inang'aa, bado ina vile vinywele vidogo vya kiwandani. Bei yake ilikuwa ya kutaka kumkumbatia mwenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kuipakia kichwani mwangu. Tata Chinyama akanusa, akabonyeza, akasukuma kwa goti, akanivuta kichwa nitazame mkunjo. Nyufa zilikuwa nyembamba, nyingi, kama udongo wa mtoni kiangazi.

— Iliiva mu behewa ya chuma, akasema. Ku macho ni kijana, mu ndani ni muzee. Twende.

— Tata, patron atatuua.

— Patron anaweza kulia mu ofisi. Njiani banalia bengine.

Tulirudi na mipira kumi iliyokwisha tumika, imeparuzwa, mibaya ya kutazama, ambayo mama mmoja muuza chumvi alikuwa ameihifadhi chumbani, gizani, imesimama wima na kufunikwa magunia. Kivuli chake ndicho tulichonunua. Patron alipoiona alishika kichwa kwa mikono miwili. Mipira ile ikatembea masika mbili bila kutuaibisha, naye akaanza kusimulia watu kwamba aliichagua mwenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo, lakini kwa mipira ni afadhali uulize ililala wapi.

Miaka ikapita hivyo. Saa nne tulikuwa tunakunywa chai pamoja, na birika letu lilikuwa limepoteza mshikio wake wa mbao, likabaki na waya mtupu. Sisi wote tulitafuta kitambaa. Tata Chinyama alikuwa analitoa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makaa yakiwa mekundu, kwa mkono mtupu, anatumiminia mmoja mmoja bila haraka. Tulipiga makofi. Mwanaume! tukasema. Mwanaume wa Lualaba! Yeye akacheka, na kesho yake akarudia, kwa sababu hakuna mtu anayechoka kupigiwa makofi.

Halafu ukaja msimu mmoja wa joto, mipira miwili ikapasuka. Wa kwanza ulikuwa wa nyuma, kamyo ikasimama, tukashukuru Mungu. Wa pili ulikuwa wa mbele, karibu na Fungurume, kamyo ikaingia porini, na mwenye mzigo akavunjika mkono. Mipira yote miwili Tata Chinyama alikuwa ameigusa na kuipitisha. Tukasema ni jua. Tukasema ni barabara. Baadaye, maana sisi ni watu wa hapa, tukasema ni wivu: kuna mtu amefunga kitu chini ya magari. Ilunga akakataa kuwasha injini mpaka pasta aje kunyunyizia boneti maji. Patron akakubali mara moja, kwa kuwa maji hayakuwa na bei. Kila kitu tulikishuku, isipokuwa kitu kimoja. Nani angeugusa mpira baada ya Tata Chinyama? Ingekuwa sawa na kuonja mchuzi wa mama yako mbele ya wageni na kuomba chumvi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Bisi ilirudi kutoka Likasi mchana, na ilipaswa kugeuza baada ya nusu saa. Mama wa kwaya ya parokia walikuwa wamekwisha kaa ndani, wanaenda kwenye maziko, wamevaa vitambaa vyeupe, wanaimba kwa sauti ya chini. Tata Chinyama alikuwa kwenye gurudumu la mbele, la kushoto. Akaweka kiganja. Akasali. Akafika Amina.

— Iko muzima, akasema, akaenda kwenye lingine.

Mimi nilikuwa nimebeba ndoo ya maji ya radieta, nikateleza kidogo, nikajishika kwenye mpira ule ule. Nikautoa mkono kabla sijajua nimeutoa. Nikafikiri, labda ni mafuta ya moto. Nikafuta kiganja, nikaweka tena, nikaanza Baba Yetu. Sikufika ufalme wako.

Nilisimama pale na ndoo yangu. Nikalikumbuka birika. Na ile mipira miwili iliyopasuka nikaiona upya, na nikajua kwamba hapakuwa na wivu wala kitu kilichofungwa chini. Mkono wa Tata Chinyama ulikuwa umekufa. Moto wa miaka yote ulikuwa umeugeuza ngozi ya kiatu, na yeye hakuwa na habari. Angeweza kusali Rozari nzima juu ya mpira ule.

Ninyi vijana mtasema, si ungemwambia tu? Hamkumjua. Hamkuiona garaji nzima inavyosimama anapopita. Mtu yule alinifundisha kunusa. Nikimwambia mbele ya wafanyakazi na mbele ya kwaya kwamba mkono wake haufai, namvua nguo uwanjani. Nisipomwambia, Ilunga anaingiza gia na wale mama wanaondoka na mpira unaooza, wa mbele, upande wa usukani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walituimbia shuleni. Hawakutufundisha nini kinavunjika mkuu asipoambiwa la mdogo. Niliogopa, nasema kweli.

Ilunga akapanda, akapiga honi. Nikapiga kelele:

— Tata Chinyama! Kuya tuombe pamoja.

Akageuka. — Tuombe nini?

— Hii mupira ya mbele. Mi na weye. Mukono na mukono.

Nadhani alitaka kukasirika. Kisha akaja, akaweka kiganja chake, nami nikaweka changu pembeni yake, vidole vinagusana. Tukaanza kwa sauti. Baba yetu uliye mbinguni. Jina lako litukuzwe. Nikauma meno. Mama wa kwaya waliposikia, wakadhani tunaombea safari, wakaitikia na wao madirishani. Ufalme wako ufike. Nilikuwa nalia kwa maumivu, na nilitaka kufika mbali ili nisimwaibishe, lakini mkono una akili yake. Ukatoka wenyewe.

Yeye aliendelea. Mkate wetu. Makosa yetu. Sauti yake ikaanza kupungua, kwa sababu alikuwa amekiona kiganja changu, nilichokiacha wazi mbele ya macho yake makusudi. Kilikuwa chekundu, na chini ya kidole kidogo ngozi imeanza kunyanyuka. Mama wa kwaya wakamalizia Amina bila yeye.

Akautoa mkono wake. Akaugeuza, akautazama, halafu akautazama wangu.

— Ilunga, zimisha motere, akasema. Tosha hii mupira.

Abiria walinung'unika, na mama mmoja akasema maiti haimngojei fundi. Tukaung'oa mpira, tukaweka ule wa akiba. Tulipoufungua ule wa kwanza, ndani ulikuwa umeachana tabaka na tabaka, nyuzi zimekatika, na unga mweusi ukatoka wa kujaza kikombe. Usingefika Fungurume. Bisi ikaondoka wakiimba. Nimeishi na mema machache, na lile la kuona bisi ile inatoka getini ni mojawapo.

Tata Chinyama alikaa juu ya mpira ule mbovu, mikono magotini. Nikakaa chini karibu naye.

— Kuanzia lini? akaniuliza.

— Sijue, Tata.

— Ile birika, akasema mwenyewe. Mi nalikuwa nasikia ya kama inapoa kila mwaka. Nikazani ni makala ya mu mbabula, ya siku hizi haina moto. Na mweye mulikuwa munapiga makofi.

Akakigeuza tena kiganja chake.

— Mulikuwa munanipenda, mwana. Lakini mulikuwa munanipenda bibaya. Ule mwenye alivunjika mukono, ni mi nilimuvunja, na bote mulisema ni bulozi. Akanishika bega. — Siku yako itafika na weye. Usingojee mutu akuambie. Bantu bataona haya. Uangalie mukono ya mwenye iko pembeni.

Kuanzia siku ile ikawa sheria ya garaji: kila mpira mikono miwili, wa mzee na wa kijana, na wa kijana ndio unaosema. Wengi wenu mliikuta mkadhani ni mambo ya usalama kutoka kwa patron. Haikutoka kwa patron. Tata Chinyama aliendelea miaka mitatu zaidi, yeye pua na ukucha, mimi mkono, na hakuna hata mpira mmoja uliotupasukia. Birika akaanza kulitoa kwa kitambaa, na hatukupiga makofi tena. Alipostaafu akarudi kwao, Dilolo, na huko akafia. Habari ilinifikia kwa dereva wa kamyo ya samaki, na nililia pale pale uwanjani, spana mkononi.

Sasa swali la pili.

Ngalula aliingia garaji miaka sita iliyopita, na wengine mkacheka, mwanamke kwenye mipira. Mimi nikampa mpira anuse. Alinusa bila kuuliza, na hakuwa amevaa viatu vya kanisani, kwa hiyo alinizidi tangu siku ya kwanza. Tumegusa pamoja maelfu ya mipira, yeye Mkatoliki, mimi na mkia wangu.

Oktoba iliyopita bisi ilirudi kutoka Likasi. Nikaweka mkono kwenye mpira wa mbele, Ngalula akaweka wake. Nikasali vizuri, nikafika Amina, nikaendelea na ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, nikamaliza na mkia wote, na mpira ulikuwa wa uvuguvugu tu. Nikafungua macho. Mkono wa Ngalula haukuwepo. Ulikuwa mfukoni mwa ovaroli yake.

— Namna gani? nikamuuliza.

Akainamisha macho. — Iko muzuri, Tata. Kama weye unasema iko muzuri.

Bado nasikia sauti yake. Mtoto wa watu, mwenye heshima, aliyelelewa vizuri, na nyuma yake abiria wanapanga mafurushi yao. Mwenye haya yale nilikuwa mimi, mpaka siku ile nilipoteleza na ndoo.

— Ngalula, nikasema. Onyesha mukono.

Hakutaka. Nikautoa mwenyewe mfukoni. Kilikuwa kiganja changu cha ile Ijumaa, chekundu vile vile. Tukaung'oa mpira, na wengine wenu mlikuwepo, mkalalamika kwamba tunachelewesha bisi. Kesho yake nikamwandikia patron barua. Ndiyo sababu. Si mgongo, si macho, si kwamba mtoto wangu amenifungulia duka Likasi kama mnavyosimuliana.

Ngalula, sikuandika haya kukuaibisha. Siku ile ulinipenda bibaya, nami nilimpenda Tata Chinyama hivyo hivyo kwa miaka, kwa makofi. Mpira utaujua kwa pua, ukucha na goti, uchukue uliolala kivulini, rechapé uiweke nyuma, upepo uupime asubuhi. Hayo utayakumbuka bila daftari langu. Ila atakapokuja mwingine pembeni yako, na mkono wake ukatoka mapema kuliko wako, mfundishe kusema kwa sauti.

Hapa nyumbani birika letu nalo lina waya mtupu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikilitoa motoni kwa mkono, na Mama Kapinga alikuwa anatabasamu na kuwaambia majirani kwamba ana mume. Nilipomsimulia habari yote alienda ndani, akachana kipande cha kitenge chake cha zamani. Sasa kila asubuhi ananiita akiwa mlangoni, kabla sijafika kwenye mbabula: Tata, kitambaa. Nami nakichukua. Moto siusikii, lakini yeye anausikia.